Uliza Mwenyewe Kabla ya Kuuliza Bei

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, na kwake twaomba msaada. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wengi hutuuliza, mmoja mmoja baada ya darasa, habari ya kununua nyumba na viwanja. Mmoja amepokea kiinua mgongo chake bandarini. Mwengine ana mtoto Arabuni anayemletea fedha kila mwezi. Wa tatu ni mama mjane aliyeuza dhahabu zake, naye aogopa fedha hizo zisije zikamalizikia katika unga na sukari. Wote swali lao ni moja: nizitie fedha hizi katika nyumba ya kupangisha au katika kiwanja, na nianzie wapi? Tumeona tulijibu hapa, kwani jawabu la mlangoni mwa msikiti, mtu akivaa viatu vyake, halitoshi kwa jambo ambalo mtu hulifanya mara moja au mbili katika umri wake.

Kwanza twataka kuiondoa fikira moja. Wapo wanaodhani kwamba kutafuta milki ni kuipenda dunia, na kwamba mcha Mungu hana haja na kodi za nyumba. Fikira hii imetugharimu sana sisi watu wa pwani. Zubeir bin Awwam, naye ni mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, alipokufa hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha ardhi, na nyumba kumi na moja Madina, na mbili Basra, na moja Kufa, na moja Misri. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari kwa yeyote atakaye kuitazama. Basi kumiliki si dhambi. Dhambi huwa katika namna ya kumiliki, na hapo ndipo maneno yetu yalipo.

Mtume s.a.w. alipofika Madina, ngamia wake alipiga magoti mahali palipokuwa pakianikwa tende. Je, alisema, "Mimi ni Mtume, na pahala hapa pafaa msikiti," akajenga? Hakufanya hivyo. Aliuliza pahala pale ni pa nani. Akaambiwa ni pa mayatima wawili, Sahl na Suheil, waliokuwa katika ulezi wa Asaad bin Zurara. Akawaita wale watoto, akataka wampe bei. Wakasema kwamba wao wampa bure. Akakataa kukipokea kiwanja kwa hiba mpaka akakinunua. Tutazame mpango wa jambo lile: kwanza mwenyewe, kisha bei, na mali ya yatima haikuchukuliwa kwa ukarimu wa maneno ya yatima. Leo sisi twaanza na bei. Dalali atwambia, "Kipo kiwanja Mtwapa, rahisi sana, na wapo watu wawili wengine wakitaka," nasi twakimbilia kutafuta fedha kabla hatujajua jina la mwenye ardhi.

Hadithi ya kudhulumu ardhi sote twaijua kwa ulimi. Mtume s.a.w. ameeleza kwamba mwenye kuchukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni siku ya Kiyama kwa kadiri ya ardhi saba. Walakini twaisoma kana kwamba yamhusu mnyang'anyi tu, mwenye panga na matingatinga. Nani kati yetu amefikiri kwamba yaweza kumfikia mnunuzi aliyelipa fedha zake halali na akapewa karatasi yenye muhuri? Ukinunua kwa aliyeiba, nawe wajua au ungeliuliza ungelijua, fedha zako haziitakasi ile shibiri.

Na sheria ya nchi sasa yasema maneno yaliyo karibu na hayo. Kipo kiwanja cha ufukweni huko Nyali ambacho mwaka 1989 kiligawiwa mtu mkubwa, kisha kikauzwa na kikaingia mikononi mwa wengine, kwa hati kamili. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikavunja ukuta wake, ikidai kwamba pale ni njia ya watu wote kwenda baharini. Kesi ikapanda mpaka Mahkama ya Juu, ambayo baada yake hapana rufani. Mwezi wa Aprili 2023 majaji wakahukumu kwamba kiwanja kile kilikuwa mali ya umma, na kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria. Basi aliyenunua baadaye hakupata milki, wala hati aliyoishika haikumwokoa. Wakaeleza kwamba mnunuzi yampasa achunguze na asili ya hati, wala asitosheke na jina lililoandikwa juu yake leo. Kila mwenye kutaka kununua hapa pwani na aijue hukumu hii, kwani viwanja vya aina hiyo si haba.

Basi uchunguzi ni nini? Kuipekua ardhi katika daftari la msajili, jambo ambalo watu huliita kufanya serchi, ni hatua ya kwanza na gharama yake ni ndogo. Itakwambia jina la mwenyewe, na kama ardhi ina rehani ya benki, au zuio la mtu anayedai haki yake, au amri ya mahkama. Itakwambia pia kama ardhi ni ya milele au ni ya muda maalumu, na muda huo umebaki miaka mingapi; maana wapo walionunua nyumba nzuri juu ya ardhi iliyobakisha miaka michache, wakadhani wamewanunulia wajukuu wao. Nenda mwenyewe, au mpeleke wakili uliyemchagua na kumlipa wewe. Wakili wa muuzaji ni wakili wa muuzaji. Kisha chukua mpimaji akuonyeshe alama za mipaka kwa macho yako, kwani wengi wameonyeshwa kiwanja cha barabarani na wakaandikiwa cha bondeni. Kisha, na hili watu wa mjini hulidharau, keti na wazee wa mtaa. Daftari halijui kwamba katikati ya shamba lile mna makaburi, wala kwamba familia tatu zimekaa pale tangu babu zao na hazina pa kwenda. Wazee wayajua haya yote.

Hapa twataka tuseme jambo la historia, kwa sababu vijana hawalijui na kwa sababu ndilo chanzo cha taabu nyingi. Mwaka 1908 ilitolewa sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani. Kila mwenye dai alitakiwa aje alithibitishe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wako waliokwenda, na wako ambao hawakwenda: hawakupata habari, au waliona kwamba ardhi aliyozikwa babu haihitaji karatasi. Wajukuu wa hao leo ndio waitwao maskwota juu ya ardhi ile ile. Kwa hivyo unapomkuta mtu anakaa juu ya kiwanja unachotaka kukinunua, usimwite mvamizi kabla hujasikia maneno yake. Huenda karatasi iko kwa muuzaji na haki iko kwake. Na ukiona kwamba haki yake yaelekea kuwa kweli, viwanja ni vingi duniani, kiache hicho.

Katika haya haya yaingia mambo ya nyumba bila ardhi, ambayo wageni hushangaa kuyasikia na sisi tumeyazoea. Katika mitaa ya Majengo na mfano wake, mtu hununua nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, na ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwengine anayepokea kodi ya kiwanja. Jambo hili kwa asili yake halina ubaya. Kukodi ardhi na kujenga juu yake ni ijara, na ijara ni halali. Ubaya ni kutojua. Mnunuzi akauziwa kuta na bati akadhani amenunua mahali. Bei ni rahisi, naye afurahi, wala hajiulizi kwa nini ni rahisi. Kisha mwenye ardhi afa, warithi wauza ardhi kwa tajiri, na tajiri ataka kujenga orofa. Basi ukinunua nyumba ya namna hii, mtafute mwenye ardhi kabla ya kulipa, uandikiane naye mkataba wa muda unaojulikana na kodi inayojulikana, na mwandike itakuwaje nyumba yako siku atakayoitaka ardhi yake. Akikataa kuandika, umekwisha kupata jawabu. Nao wenye ardhi, Waislamu wenzetu, twawaomba: mkitaka kuuza, waanzeni wale waliokaa juu yake miaka arobaini wakikulipeni.

Sasa tuje kwenye lililo zito zaidi, nalo ni nyumba za mirathi.

Mtu amekufa, ameacha nyumba Mji wa Kale au Kisauni. Miaka kumi yapita haijagawanywa. Ndugu mkubwa akaa chini, akodisha juu, na kodi aishika yeye. Dada ameolewa Lamu au Tanga, na kila akiuliza huambiwa, "Ngoja, kwani nyumba yakimbia?" Kisha siku moja ndugu yule aileta nyumba sokoni. Wewe mnunuzi waiona bei, waona mahali pazuri, na wamwona mtu mwenye kanzu nyeupe na jina la marehemu baba yake kwenye hati. Je, wanunua kutoka kwa nani? Hebu tuhesabu. Tuseme marehemu ameacha mke, watoto wanaume wawili na binti mmoja. Igawanye nyumba sehemu 40: mke ana thumni, nazo ni 5, kila mwana wa kiume ana 14, binti ana 7. Basi huyu aliyekaa mbele yako na kalamu ana 14 katika 40. Sehemu 26 si zake, nawe wamlipa yeye fedha zote. Na ikiwa yule mama mjane amekwisha kufa naye, sehemu zake 5 zina warithi wake wengine, na huenda wamo watoto wadogo wasioweza kuridhia kwa ulimi wao.

Twasema wazi: mwenye kuinunua nyumba hii kwa ridhaa ya ndugu mmoja, naye ajua kwamba wako wengine, amesaidia kula mali ya watu, na kama wamo mayatima jambo ni kubwa zaidi. Asitoe udhuru kwamba madada "wamesamehe". Msamaha wa mtu ambaye hakuambiwa nyumba yauzwa kiasi gani, na ambaye aogopa kutengwa na ndugu zake akidai, si msamaha. Tumewaona wanawake wakitia sahihi karatasi ambazo hawakusomewa. Mnunuzi mwenye kuiogopa akhera na atake kuwaona warithi wote, mmoja mmoja, wanawake kabla ya wanaume, na aulize kila mmoja wao kwa faragha.

Njia iko wala si ngumu. Kadhi anayo mamlaka ya mirathi ya Waislamu kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Warithi waende wakajulikane, kila mmoja na sehemu yake, kisha hati igeuzwe kutoka jina la maiti, kisha ndipo ije sokoni. Na madeni ya marehemu yalipwe kwanza. Yule Zubeir tuliyemtaja aliacha deni la milioni mbili na laki mbili, kwa sababu watu walipomletea amana alikuwa akiwaambia ni mkopo, ili zikipotea azilipe. Mwanawe Abdallah aliuza katika ardhi ya Ghaba akalipa. Ndugu zake wakasema, haya sasa tugawie mirathi. Akakataa mpaka apige mbiu katika msimu wa Haji kwa miaka minne, kwamba mwenye deni kwa Zubeir na aje. Miaka minne! Nasi maiti hajaoza na mabati ya nyumba yamekwisha kugombaniwa.

Ulizeni vile vile kama nyumba ni wakfu. Katika miji yetu ya kale ziko nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu kwa msikiti au kwa kizazi, na wengine wa waangalizi wake wameyatia katika milki zao pole pole, kizazi baada ya kizazi, mpaka watu wakasahau. Katika madhehebu yetu wakfu hauuzwi. Waulizeni Kamisheni ya Wakf, na waulizeni wazee wa msikiti ulio jirani. Na katika Mji wa Kale wa Mombasa na wa Lamu fahamuni tena kwamba majengo yanahifadhiwa kwa sheria. Mtu hawezi kuvunja mlango wa nakshi na kusimamisha orofa nne apendavyo. Aliyenunua kwa nia ya kuvunja atajikuta amenunua ugomvi.

Mtu akishajua mwenyewe ni nani, ajiulize tena: fedha ni za nani? Twajua kwamba nyumba ni ghali na mshahara ni mdogo, na mabenki yamefungua milango. Hapa hatuna maneno mapya. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lenye wanazuoni wa nchi nyingi, lilikata shauri Jeddah mwezi wa Desemba 1985 kwamba ziada juu ya mkopo wa benki ni riba iliyoharimishwa, ikiwa imewekwa sharti tangu mwanzo au imetozwa kwa kuchelewa. Kulibadilisha jina hakuigeuzi. Wazee wetu walikuwa na bei khiyari: mtu "auza" nyumba yake kwa nusu ya thamani ili airudishe akipata fedha, na aliyetoa fedha hula kodi muda wote huo. Ilikuwa mkopo wenye faida uliovikwa kilemba. Watu wa mashamba na majumba wengi walifilisika kwa mlango ule.

Tangu mwaka 2008 nchi yetu imekuwa na mabenki yanayofuata sharia: Gulf African Bank, na First Community Bank ambayo baada ya kununuliwa mwaka 2023 yaitwa Premier Bank. Hilo ni jambo la kushukuru. Walakini usitosheke na kibao cha mlangoni. Ukiambiwa murabaha, uliza: benki itainunua nyumba na kuimiliki kabla ya kuniuzia mimi? Nyumba ikiungua siku ile iliyo mikononi mwa benki, hasara ni ya nani? Baraza lile lile, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, liliweka sharti kwamba benki imiliki kwanza na ibebe hatari ya kuharibika kabla ya kukabidhi. Jibu likiwa "hasara yako wewe", basi huo ni mkopo, hata ukiandikwa kwa Kiarabu. Na ukichelewa kulipa, je, wataongeza? Hilo nalo lilikatazwa Jeddah mwaka 1990. Uliza bila haya. Mwenye haki hakasiriki kuulizwa.

Na iko njia ya tatu, ya kale kuliko mabenki yote, ambayo twastaajabu kuona imeachwa: shirika. Ndugu wanne au majirani watano, kila mmoja na alicho nacho, wanunue nyumba moja iliyo safi. Iandikwe sehemu ya kila mtu, nani asimamie na apate nini kwa usimamizi wake, kodi igawanywe lini, na anayetaka kutoka atatokaje. Watu wetu hushirikiana kwa mdomo kwa sababu ya mapenzi, kisha hugombana kwa sababu ya mdomo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi, nayo haikuwavua ndugu wala marafiki. Na mshirika akitaka kuuza sehemu yake, wenziwe ndio wenye haki ya kwanza kuinunua. Hiyo ndiyo shufaa.

Baada ya hayo yote ndiyo yaja hesabu, na hapa twasema na wale wanaodhani kwamba nyumba ni mgodi. Tuseme nyumba yauzwa shilingi 6,000,000 na kodi ni 30,000 kwa mwezi. Dalali atakwambia: 360,000 kwa mwaka. Mwezi mmoja katika kumi na mbili huwa tupu, mpangaji ametoka na mwengine hajaingia, zimebaki 330,000. Toa 40,000 za matengenezo, kwani huku pwani chumvi hula chuma na bati mbele ya macho yako. Toa 25,000 za ushuru wa kaunti na mlinzi. Toa kodi ya mapato ya pango, ambayo tangu Januari 2024 imekuwa asilimia 7.5 kwa apataye zaidi ya 288,000 kwa mwaka: hizo ni 24,750. Umebaki na shilingi 240,250, yaani kama asilimia 4 ya fedha ulizotoa. Na ushuru wa stempu wakati wa kununua, ambao mjini ni asilimia 4, ni 240,000. Basi pato lako la mwaka mzima wa kwanza limekwisha kwenda katika stempu peke yake, na wakili bado hujamlipa. Hatusemi haya ili kuvunja watu moyo. Mwenye subira ya miaka ishirini, asiye na deni la riba nyuma yake, nyumba humfaa yeye na watoto wake. Mwenye kutaka utajiri kufikia Mfunguo Mosi atafute kazi nyingine.

Itazame nyumba mara mbili, na mara moja iwe wakati wa mvua. Waulize wapangaji maji yatoka siku ngapi kwa wiki, na kama kisima ni cha chumvi. Tazama nguzo: zege iliyokorogwa kwa mchanga wa pwani na maji ya chumvi huozesha chuma ndani, na nyufa za rangi ya kutu ndizo dalili zake. Mpake rangi ajua kuzifunika.

Fleti ambazo hazijajengwa ni jambo jengine. Mtume s.a.w. alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Walakini kuagiza kitu kitengenezwe ni istisnaa, na Baraza liliipitisha mwaka 1992, sifa za kitu zikijulikana na muda ukajulikana. Basi anayekuuzia picha ya fleti na aandike kimo, upana, vifaa na tarehe, na aonyeshe kwamba ardhi ni yake. Wengi wao huuza picha tu, na ardhi wangali wakiitafuta kwa fedha zako.

Na kuna desturi moja ya kutia haya. Mtu akishapata nyumba, badala ya kwenda kwa msajili wa ardhi huenda kwa mpiga ramli kuuliza kama nyumba ina nyota njema, kisha achinja mbuzi pembe nne na kuzika hirizi kizingitini. Nyumba ile ina rehani ya benki, na hirizi haikuiondoa. Mwengine ameacha ramli, Alhamdulillahi, walakini ameifanya istikhara kuwa ramli: aswali rakaa mbili, alale, aote kijani kibichi, na kesho alipe. Istikhara ni dua ya mtu aliyekwisha kuchunguza na kushauriana, amwombe Mola wake amchagulie lenye heri. Aliyeswali na hakuuliza amemwachia Mwenyezi Mungu kazi aliyoamrishwa kuifanya yeye.

Nia nayo ina hukumu yake, na watu huisahau. Nyumba ya kukaa haina zaka. Nyumba ya kupangisha haina zaka katika jengo lake. Zaka ni katika kodi iliyokusanywa na ikapitiwa na mwaka, robo ya ushuri. Walakini kiwanja ulichokinunua kwa nia ya kukiuza bei ikipanda ni bidhaa kama nguo za dukani. Kila mwaka kitie thamani ya soko na utoe zaka yake, hata kama hujapata mnunuzi. Wako watu kati yetu wenye viwanja vinne vya kungojea bei, na hawajapata kutoa hata ndururu moja. Na wajihesabu.

Yabaki maneno kwa wale walio na milki tayari na sasa wauza. Imepokewa na Ibn Majah kwamba mwenye kuuza nyumba au ardhi, na thamani yake asiitie katika mfano wake, ni vigumu kubarikiwa nayo. Nasi twauza nyumba ya baba kwa harusi ya siku tatu na gari la mkopo. Ukilazimika kuuza, mkumbuke jirani. Abu Rafii alikuwa na nyumba mbili ndani ya milki ya Saad bin Abi Waqqas. Akampa azinunue. Saad akasema hatoi zaidi ya elfu nne, tena kidogo kidogo. Abu Rafii alikuwa amekwisha kupewa dinari mia tano taslimu na mtu mwengine, nazo ni zaidi. Walakini akamwachia Saad, kwa kuwa alimsikia Mtume s.a.w. akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa ujirani wake. Wanazuoni wa madhehebu yetu hawamlazimishi mtu kumwuzia jirani asiye mshirika. Abu Rafii naye hakungoja kulazimishwa.

Na aliyejaliwa nyumba mbili, moja ikimtosha, naamwulize Mola wake kama alivyouliza Umar. Alipata ardhi Kheibar, wala hajapata kuwa na mali aliyoipenda kuliko hiyo, akamwendea Mtume s.a.w. kutaka shauri. Akashauriwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Umar akaiweka isiuzwe, isitolewe hiba, isirithiwe. Mazao yake yawe ya maskini, na jamaa, na kukomboa watumwa, na msafiri, na mgeni, na msimamizi ale kwa wema bila kujilimbikizia. Mwenye kutaka kufanya mfano wa hayo na aandike masharti yake wazi, ataje msimamizi na atakayemfuata, aandikishe wakfu wake kwa Kamisheni ya Wakf akiwa mzima, na nakala moja aiweke kwa binti zake.

Wabillahi tawfiq.